Askari Chini ya Kizibo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka, Igoma, Mwanza)



Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumzie utumishi wa umma. Nilijibu kwamba habari za utumishi wa umma mnazipata za kutosha mkiwa kwenye foleni za ofisi zetu, nikaomba ruhusa nizungumzie mchezo. Katibu alinipigia simu kuuliza kama ni mpira wa miguu. Nikamwambia la, ni vita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nisizidishe nusu saa.

Sababu yenyewe ni hii. Miezi michache iliyopita vijana wa klabu ya historia walikuwa wakisafisha ile stoo iliyo nyuma ya jiko, ambamo zamani zetu yaliwekwa majembe na madawati mabovu. Walipokwisha kufagia wakaona michoro ya rangi ya mafuta sakafuni: mstari mrefu wa buluu uliopindapinda, mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba, na misalaba midogo mingi ya kijani. Wakauliza walimu, hakuna aliyejua. Ndipo mmoja wao akaniandikia barua, kwa kuwa alisikia kwamba mimi nilikuwa mmoja wa "wale wa stoo". Aliuliza mambo mawili: michoro ile ni ya nini, na kama ni mchezo, sheria zake ni zipi. Barua ilikuwa na adabu nyingi, na mwishoni aliongeza kwamba wamekwisha kujaribu kutunga sheria zao wenyewe, ila kila mara wanagombana.

Michoro ile ni Tanga. Mstari wa buluu ni bahari, mistari miwili ni reli, na misalaba ni mkonge na minazi. Tuliichora mwaka 1997, tukiwa kidato cha tatu, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya bweni. Ruhusa ya kuchukua rangi hiyo hatukuiomba, na Ndugu Mkuu wa Shule, naomba kosa hilo lihesabiwe kuwa limepitwa na wakati.

Mwalimu wetu wa historia alitufundisha vita vya Tanga kwa kipindi kimoja, dakika arobaini. Waingereza walikuja kwa meli kutoka Bombay, Novemba 1914, wakiwa na askari wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Meli ya vita iitwayo Fox ilifika tarehe 2. Pigano kubwa likawa tarehe 4. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wamepoteza zaidi ya watu 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kutoweka, na wameacha nyuma mamia ya bunduki na risasi zinazokadiriwa kufika 600,000. Kengele ikalia. Tukatoka darasani tunabishana: watu elfu nane wanapigwaje na watu elfu moja? Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba mchapaji wa kitabu aliongeza sifuri.

Bwenini hapakukosekana vizibo vya soda, maana wote tulikuwa wachezaji wa drafti. Tukaamua kuvipiganisha. Tulihesabu kizibo kimoja kuwa watu mia, tukapanga themanini upande wa bahari na kumi upande wa mji, tukatupa dadu. Aitken akashinda. Tukarudia, akashinda tena. Tulicheza majuma kadhaa, na kila mara Aitken wa sakafuni aliutwaa mji kabla taa hazijazimwa, hata alipochezwa na mtu ambaye sote tulijua hana akili ya kuwinda kuku.

Jibu lilimjia mmoja wetu siku moja tukiwa foleni ya ugali. Alisema, "Aitken wetu anashinda kwa sababu anaona." Na ndivyo. Katika drafti na katika bao kila kete iko wazi. Ukishindwa, umeshindwa na hesabu yako mwenyewe. Lakini Aitken wa kweli hakuona kitu. Alishusha watu kwenye ufuko wa Ras Kasone bila kuwa amepeleleza vya kutosha nchi iliyo mbele yake. Kikosi cha King's African Rifles, watu waliozijua nchi hizi, alipewa kama msaada akakikataa. Kapteni wa Fox aliingia kwanza bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana hapo hayapo tena, akaulizia habari za mabomu ya baharini, akarudi kwenye meli zake. Na muda wote huo simu ya waya ilikuwa inafanya kazi yake na askari wanapakiwa kwenye treni huko Moshi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Kuhusu Lettow mwenyewe, usiku wa kuamkia tarehe 4 aliingia Tanga kwa baiskeli. Mitaa ilikuwa mitupu. Alikwenda hadi akaziona meli za adui zinawaka taa, akasikia watu wakishuka, akarudi akiwa anajua cha kufanya. Jemadari wa Wajerumani alijipelelezea mwenyewe kwa baiskeli, na jemadari wa Waingereza akawatuma watu elfu nane wakapeleleze kwa vifua vyao.

Labda mtauliza kwa nini vijana wa ziwani tuhangaike na Tanga. Tulijaribu pia vita vya kwetu. Bukoba ya Juni 1915, Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu kuja kuvunja mnara wa simu ya upepo, ilitupa jioni mbili nzuri. Lakini Mwanza yenyewe ilitutia aibu. Julai 1916 Waingereza waliteremka upande wa mashariki ya mji na kuja kwa nchi kavu, na tarehe 14 mji ukawa mikononi mwao, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka. Mchezo wake unakwisha kabla maharage hayajaiva. Basi tukabaki na Tanga.

Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam niligundua kwamba hatukuwa wa kwanza kukwama hapo. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, Reisswitz, alichapisha sheria za mchezo wa vita alioendeleza kutoka kwa baba yake, na ndani yake kulikuwa na mwamuzi aliyejua vikosi vyote viko wapi, akiwaonyesha makamanda kile tu ambacho wangeweza kukiona. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha vita vya vijiaskari vya kuchezea, na yeye alitundika pazia katikati ya uwanja wakati wachezaji wakipanga majeshi. Pazia ni jambo zuri, lakini likishaondolewa limeondoka, na Tanga nzima inakuwa wazi tena. Bila kumjua Reisswitz, sisi tulikuwa tumeshika njia yake.

Sasa sheria zenyewe. Kijana aliyeniandikia, kaa tayari na kalamu.

Kizibo huwekwa mdomo chini, na chini yake ndiko jeshi liliko. Harage moja ni watu hamsini. Kokoto moja ni bunduki ya rashasha, ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu. Kizibo husukumwa tu sakafuni, hakiinuliwi na mtu yeyote isipokuwa mwamuzi. Kabla ya kuanza, kila kamanda huandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu, lile la miraba, mahali pa kila kizibo na kilichomo chini yake, anatia sahihi, anampa mwamuzi. Harage likizidi au likipungua bila kifo, umeshindwa, hata kama ulikuwa mlangoni mwa ushindi. Sheria hii tuliiweka baada ya usiku mmoja ambapo jeshi la Wajerumani liliongezeka kwa njia ambayo hata Berlin wangeshangaa.

Kwa kila vizibo viwili vyenye kitu, kamanda ana ruhusa ya kuweka kimoja kitupu. Tuliviita vivuli. Siku hizi, baada ya lile zoezi la mwaka 2016 la kuwasaka watumishi hewa, ningewaita askari hewa na mngenielewa upesi zaidi. Kivuli kinatembea kama kombania, kinapumzika kama kombania, na adui anapoteza usingizi kwa ajili yake. Kikipigwa risasi au kikipelelezwa kwa karibu, kinatolewa.

Mpelelezi ni punje ya hindi. Anakwenda shubiri mbili pale kombania inapokwenda moja, na hapigani. Akifika umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kizibo cha adui anatupa dadu. Penye uwazi, mbili na kuendelea anaona. Ndani ya mkonge au minazi anahitaji tano. Usiku ni sita peke yake. Aitken akikubali kuwachukua King's African Rifles, basi punje zake huongezewa moja katika kila dadu; na mngeshangaa ni wachezaji wangapi, huku wakijua yaliyotokea, walisema hawawahitaji.

Dadu ikikubali, makamanda wote wawili wanageukia ukutani. Mwamuzi anainua kizibo, anatazama, anakifunika, anaandika kwenye kikaratasi alichokiona mpelelezi. Wala hakitoi papo hapo. Hapa ndipo penye utamu wa mchezo, na ndipo vijana wangu mnapogombana, nina hakika. Habari hutembea. Ikiwa mpelelezi yuko shubiri nne kutoka kwa kamanda wake, kikaratasi kinakaa mfukoni mwa mwamuzi zamu mbili kamili, maana mtu anakimbia porini nacho. Mpelelezi akiuawa njiani, kikaratasi kinachanwa. Ukikipokea, unasoma habari ya kweli ya mahali ambapo adui alikuwa zamu mbili zilizopita. Mwanzoni wachezaji walilia kwamba huu ni uonevu. Baada ya mwezi hakuna aliyetaka kucheza bila sheria hiyo. Aliyekuwa na reli alikuwa na nafuu yake: kwa kuwa waya wa simu ulifuata njia ya treni, habari ya Wajerumani iliyotolewa kando ya reli ilifika zamu ile ile. Tulipoiweka sheria hiyo ndipo kwa mara ya kwanza watu elfu moja wakaanza kuwapiga watu elfu nane, na hapo tukaacha kumtukana mchapaji.

Kamanda anaweza kwenda kupeleleza mwenyewe. Tuliiita sheria ya baiskeli. Anaona bila dadu, na habari yake haina haja ya kutembea kwa kuwa iko kichwani mwake. Lakini akikutana na kizibo cha adui chenye kitu chini, ametekwa na mchezo umekwisha. Katika miaka miwili nilimwona mtu mmoja tu aliyethubutu. Na nyuki: ndani ya minazi, sita mbili mfululizo ni mzinga umepasuka, pande zote mbili zinarudi nyuma shubiri moja. Waingereza wengine waliamini kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyuki. Nyuki wa Tanga waliwauma wote, na wa stoo yetu vivyo hivyo.

Nimebakiza sheria moja, lakini kabla yake niseme neno juu ya maharage. Vitabu vina majina ya majenerali. Askari waliolala kwenye mkonge ule, katika jeshi la Wajerumani, wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na Wasudani. Huenda humu ndani mna wajukuu wao. Na nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi ambao katika vita vile vya miaka minne walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imechukua jina lake kwa jeshi la wapagazi wa Waingereza. Wapagazi hatukuwaweka sakafuni. Hatukuona kazi yao katika mchezo. Ninyi wawekeni. Punje za mtama zinafaa.

Sheria ya mwisho ni ya mwamuzi. Mpelelezi aliyetupa moja ameingiwa na hofu, na mwamuzi huandika idadi mara mbili ya alichokiona. Makamanda wanajua jambo hilo linawezekana, ila hawajui limetokea lini. Zaidi ya hapo mwamuzi hana haki ya kutunga chochote. Katika stoo ile dadu peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kusema uongo.

Tuliitunga kwa uchungu kidogo. Sisi tuliingia hapa mwaka 1995. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na wengi waliopatikana wakazikwa hapa Igoma, mahali ambapo ninyi mnapita kila mara. Sisi tulikuwa kidato cha pili. Tulisikia idadi ya abiria ikitajwa leo hivi na kesho vingine, kwa sababu orodha kamili ya waliopanda haikuwapo. Mwenzetu mmoja wa bweni alikuwa na shangazi yake ndani. Hatukuwa watoto wa falsafa, lakini tulijua tofauti kati ya mtu aliyehesabiwa na mtu aliyekisiwa. Sheria ya mwamuzi aliipendekeza yeye, mwaka uliofuata, na hakuna aliyeipinga.

Ndugu Mwenyekiti, sheria hiyo niliivunja mimi.

Ilikuwa Julai 1998, Jumamosi, mchezo wa mwisho kabla ya kujitenga kwa ajili ya mtihani. Mwalimu wa historia alikuwa amesikia habari za stoo akaomba kuja kuona. Tulifagia, tukamwekea kiti. Mimi nilikuwa mwamuzi. Lettow alichezwa na jirani yangu wa kitanda, ambaye hayuko nasi leo. Aitken alichezwa na ndugu yule yule aliyekuwa amefiwa na shangazi yake, ambaye alikuwa hodari wa hesabu na mpole mno, na katika vita vya stoo hakuwa na bahati.

Siku hiyo alicheza kama hakuna aliyewahi kucheza. Aliteremsha watu wake Ras Kasone, kisha akawazuia pale pale ufukoni. Akawachukua King's African Rifles. Akatuma punje tatu, na moja akaizungusha mbali kusini, upande wa kushoto wa jeshi lake, ambako Lettow wa kweli alitokea akawapiga Waingereza ubavuni. Jirani yangu alikuwa amekariri kitabu: alificha kizibo chake kikubwa palepale, maharage matatu na kokoto mbili. Punje ikafika. Dadu ikaanguka sita. Makamanda wakageukia ukutani. Nikainua kizibo nikaona yote.

Nikageuka nikamwona mwalimu kwenye kiti chake, anatabasamu, anangoja kuona Tanga. Nikafikiri: akiipata habari hii atageuza jeshi lote na kuwazingira, na mchezo utakwisha kwa Aitken kuutwaa mji, na mwalimu ataondoka akisema watoto hawa wanachezea vizibo tu. Niliandika: "Mkonge mtupu. Hakuna adui."

Baada ya zamu mbili nikampa. Alikisoma mara moja, akapeleka kushoto vizibo ishirini kwa mwendo wa kawaida, wala hakuviwekea ulinzi. Sitaeleza kilichovipata. Mwalimu alipiga makofi, akasema, "Mmeona? Ndivyo ilivyokuwa." Ndugu yetu alitazama kile kizibo kilichokuwa kimefunuliwa, akakunja kikaratasi mara mbili, akakitia mfukoni. Akasaidia kukusanya maharage. Hakurudi stoo tena, na mimi nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya mtihani.

Sikuwa wa kwanza kuitengeneza Tanga ifanane na nitakavyo. Afisa wa upelelezi wa jeshi la Aitken, Meinertzhagen, aliacha shajara nzuri sana za vita vile, na watu walizinukuu kwa miaka mingi. Baadaye wachunguzi walionyesha kwamba mengi ndani yake aliyaandika upya au kuyatunga. Nilipolisoma jambo hilo sikucheka.

Mwaka 2011 nilikuwa afisa mipango katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Ililetwa mezani kwangu taarifa kwamba visima sita katika kata fulani vimekamilika na vinatoa maji. Ilikuwa imeandikwa vizuri, ina jedwali. Niliinakili katika taarifa yangu, ikapanda juu. Majuma matatu baadaye nilimsindikiza mgeni kule, na katika kijiji cha pili tukakuta jukwaa la saruji na shimo lililofunikwa kwa bati. Pampu haikuwapo wala haikuwahi kuwapo. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani akasimama akaniuliza, "Baba, ninyi ndio mliokuja kuandika?"

Kijana aliyeandika taarifa ile hakuwa mwizi. Nilimwita, akaniambia kwamba alifika hadi kijiji cha kwanza, akakuta maji yanatoka, mvua ikanyesha, na orodha aliyopewa ilisema sita, naye akajua kwamba sisi tunangoja sita. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini kila nilipofungua mdomo niliiona ile punje ya hindi imesimama kwenye mkonge wa kijani. Nilikaa siku tatu kabla ya kuandika barua ya kusahihisha taarifa yangu. Siku tatu ni nyingi kwa barua ya aya mbili. Niliiandika, haikumfurahisha mtu, na pampu zilifika baada ya mwaka na miezi.

Jana jioni, kabla ya chakula, nilimtafuta ndugu yetu. Yuko humu ndani, ameketi karibu na dirisha, na amenipa ruhusa kusema. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kama mtu anayeungama kosa mbele ya paredi. Aliningoja nikamaliza. Kisha akasema kwamba alijua tangu siku ile ile. Kizibo kile hakikuwa kimesogea hata shubiri moja tangu mwanzo wa mchezo. Alama ya chaki ilikuwa chini yake. Alikuwa hodari wa hesabu, nimewaambia. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Wewe ndiwe uliyekuwa mwamuzi. Ningemshtakia nani?"

Nilimwomba radhi, akaipokea, lakini hakuishia hapo. Aliuliza kama zile karatasi za makamanda bado ninazo, kwa kuwa mwamuzi ndiye aliyezitunza. Ninazo. Zilikaa katika sanduku langu la bati miaka yote hiyo, pamoja na cheti cha ubatizo na viatu vilivyonibana. Zote mbili ziko hapa, na za zamu pia, hadi zamu ile. Anataka mchezo uendelee kuanzia pale, akiwa na habari ya kweli mkononi.

Basi leo saa kumi jioni stoo itafunguliwa. Lettow atachezwa na kijana wa klabu ya historia, na mwamuzi atakuwa yule aliyeniandikia barua. Maharage tumekwisha kuyaomba jikoni, na mtama pia. Kwa agizo la Aitken, mimi nitakaa nje ya mlango hadi mchezo uishe, na mtakaotoka mapema mnaombwa msiniambie mlichokiona.